Vitunguu vya Maua kutoka Kibuta

Bibi alipoletwa kwetu Pangani alikuja na mkoba mmoja, na kwa miezi minne mkoba ule haukuhama chini ya kitanda. Hii ni Pangani ya Kibaha. Nalisema mapema kwa sababu kila nikitaja Pangani watu huniuliza habari za bahari ya kule Tanga, na sisi bahari hatuna. Tuna nyumba ambazo hazijapigwa lipu, mihogo iliyopandwa katikati ya nyumba hizo, na vumbi la kututosha wote. Kila asubuhi Bibi aliuvuta mkoba, akafungua zipu, akatoa gauni na khanga, akafunga zipu. Jioni nguo zilizofuliwa zikikauka alizikunja, akazirudisha mkobani, akafunga zipu. Mama alimnunulia kabati la kitambaa, lile la vyuma vya kuunganisha. Bibi alilisifu mpaka Mama akaona haya, kisha akaning'iniza humo tasbihi yake tu.

"Vuli ikianza narudi kwangu," alisema siku ya kwanza, na akaendelea kusema hivyo kila mtu alipomuuliza anaendeleaje. Hujambo Bibi? Sijambo, vuli ikianza narudi.

Kwake ni Kibuta, wilaya ya Kisarawe. Alianguka akitoka kuteka maji, nyonga ikapata ufa, akalazwa, akaruhusiwa akiwa na fimbo na onyo kwamba asiishi peke yake tena. Babu alishafariki, na Mama ndiye mtoto pekee aliyebaki. Mama anafanya usafi kwenye ofisi moja Dar. Anatoka jua halijachomoza, anarudi limeshazama. Asubuhi moja, akiwa anafunga viatu mlangoni, aliniambia kwa sauti ya chini: "Akirudi kule akaanguka tena, atalala chini mpaka nani apite? Wewe ndiye anayekusikiliza. Mfanye apazoee hapa."

"Niachie mimi, Mama," nikasema, kwa wepesi kabisa, kama nimetumwa mkate.

Mimi ndivyo nilivyo. Kidato cha nne nilimaliza kwa matokeo ambayo Mama aliyaweka chini ya godoro na hatujayazungumzia tena. Nikapata kazi kwenye kitalu cha miche pembeni mwa barabara ya Morogoro, kujaza udongo kwenye viriba na kumwagilia. Mikono ikijaza viriba, kichwa kilikuwa kwingine. Nilijiona nina bustani yangu, nina gari dogo lenye picha ya ua ubavuni, napamba hoteli, naongea na wazungu. Kisha nilikuwa nikisimama katikati ya kazi bila sababu, natembea mpaka barabarani, natazama mabasi ya mikoani, narudi. Bibi alisema nina mchwa kwenye visigino.

Aliniita mke mwenzangu. Bibi zetu wa Pwani ndivyo wanavyowatania wajukuu wa kike, maana babu ni mume wa wote. "Mke mwenzangu," aliniambia nilipokuwa nazunguka ua bila kazi, "mume wetu alikufa ametulia. Wewe umerithi kwa nani?"

Habari ya vitunguu ilianzia kazini. Ninaposema vitunguu sisemi vya kukaangia. Ni yale maua ambayo mzizi wake ni tunguu lililojificha chini. Majani yakikauka unadhani limekufa, kumbe limelala. Wateja wa kitalu wengi ni watumishi waliojenga juzi juzi, wanaoshuka kutoka Dar jioni wakiwa wamechoka, na ombi lao ni moja: "Dada, nataka maua yasiyokufa." Tulikuwa tunawauzia waridi. Baada ya miezi miwili walirudi na waridi limekauka na uso umekasirika.

Nilimsimulia Bibi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha, akacheka.

"Mtu hana muda wa kumwagilia, unampa waridi? Waridi ni mke wa mjini, kila siku linataka kitu. Mpe kitunguu."

"Kitunguu gani, Bibi?"

"Kile chenye nia ya kurudi."

Na hapo akanifundisha, akitumia kitunguu maji cha jikoni kama mfano. Kwanza uzito: ukikibeba kiwe kizito kuliko macho yalivyokwambia. Kisha ukibonyeze shingoni. Kikibonyea, achana nacho, kimeanza kuoza kwa ndani. Ukigeuze utazame kitako, pale mizizi inapotokea. Kitako kikiwa kikavu na kigumu, kimoja kizima, ni chema. Kitazame ubavu kama kina watoto wadogo wamegandamana nacho. Kisicho na watoto kitarudi kila mwaka peke yake, lakini hakitaenea. Na ukikuta kundi zima ardhini, usichukue kile kinene cha katikati hata kama kinakutamanisha. Chukua vile vya pembeni, vilivyosogea vyenyewe. Hivyo vimeshaonyesha kwamba vinajua kutembea.

"Na majani yakinyauka, usiyakate," alisema. "Yaache yawe manjano, yaanguke yenyewe. Hapo ndipo kinapokula chakula cha mwaka kesho. Watu wa mjini mnakata kwa sababu hampendi kuona kitu kibaya mlangoni."

Nilimuuliza ni lipi zuri kuliko yote. Hakusita. Akanieleza ua jekundu la duara lililo mbele ya nyumba yake Kibuta. Linatoka ardhini mvua za kwanza zikigusa, bua tupu, halafu kichwa kikubwa kama chungwa, miba miba laini tupu, nyekundu ya kuumiza macho. Nilikuwa nalijua. Nilipokuwa mdogo tukienda likizo nililiita mpira wa moto. Bibi alisema lilianza moja, alilichimba mwenyewe kwenye kichaka akiwa mwari aliyetoka ndani, na sasa hajui hesabu yake. Akisema hayo mikono yake iliacha mchicha, na macho yalikuwa hayapo pale uani kwetu.

Ndipo wazo likanijia, na likinijia wazo mimi sikai. Bibi hapazoei hapa kwa sababu hapa hakuna kitu chake. Nikimletea maua yake, mvua ikianza yakachomoza mbele ya mlango wetu, ataondoka vipi? Atatoka asubuhi na fimbo yake, aone nyekundu, aseme kumbe nipo nyumbani.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia nataka mbegu za kitalu.

"Za kuuza?" akauliza.

"Za kuuza, Bibi."

Akanitazama kidogo. "Haya. Nenda ukachimbe. Lakini sasa hivi yamelala, huoni kitu juu. Utanipigia simu nikuelekeze."

Ilikuwa mwezi wa tisa, kiangazi kimekaza. Nilikatisha kwa bodaboda kutoka Kiluvya mpaka Kisarawe mjini, nikachukua nyingine mpaka Kibuta. Nyumba ya Bibi ilikuwa na kufuli mlangoni na majani makavu ya mkorosho barazani. Mbele ya mlango udongo ulikuwa mtupu kabisa, mgumu, umefagiliwa na upepo. Nikapiga simu.

"Umefika? Simama mlangoni, mgongo kwa mlango."

"Nimesimama."

"Unaona nini?"

"Uwanja, Bibi. Uwanja tu."

"Tembea hatua tano. Za kwangu, si zako."

Nikafikiria hatua zake, nikatembea tano fupi.

"Sasa ukiangalia mkorosho uwe kwenye bega la kulia. Uko?"

"Uko."

"Chimba mbele ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Polepole, usiwakate watoto wangu."

Niliweka simu chini, sauti nje, nikachimba. Hakukuwa na kitu. Nikamwambia. Akaniuliza nimevaa viatu gani. Nikasema raba. "Vua," akasema, "raba inaongeza mguu." Nikavua huku nacheka peke yangu kwenye uwanja ule, nikarudia hatua, na jembe likagusa kitu kilichotoa mlio wa kuguna. Chini ya kiganja kimoja cha udongo walikuwepo, wamebanana, weupe weupe wenye madoa ya zambarau. Nilipiga kelele.

"Umemkata?" Bibi akapiga kelele naye.

"Sijamkata! Wako wengi, Bibi! Wengi!"

Sauti yake ikashuka. Kisha akasema, "Usimguse wa katikati. Nenda pembeni."

Nikachukua kumi na viwili vya pembeni, kila kimoja nikikipima mkononi kama alivyonifundisha. Viwili vingine nilivirudisha kwa sababu vilikuwa vyepesi. Nikafukia, nikashindilia kwa miguu mitupu.

Nyumbani tulivipanda mbele ya mlango, Bibi akielekeza kwa fimbo, shingo chini kidogo ya udongo, nafasi ya kiganja kati ya kimoja na kingine. Jirani yetu, mzee mstaafu aliyekuwa karani, alisimama nje ya uzio wa michongoma na kikombe cha chai akitutazama. Yeye ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, kwa hiyo tangu Bibi ahamie kwetu mzee yule alikuwa amepata kazi mpya ya uzeeni.

"Wazaramo bwana," alisema. "Mmeuza mashamba yote mkachezea ngoma, sasa mnalima vitunguu visivyoliwa."

"Nyamaza, mpagazi wewe," Bibi akajibu bila kuinua kichwa. "Babu yako alipita Kisarawe na mzigo kichwani, akaomba maji kwetu, mpaka leo hajarudisha kata."

"Maji yenyewe yalikuwa ya chumvi."

"Na bado aliyamaliza!"

Nilimwambia shikamoo nikiwa bado nacheka, akaitikia marahaba, akaondoka amefurahi. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Bibi ana utani, ana bustani. Bado zipu tu.

Halafu nikaharibu. Sijui kusubiri; hilo nalikiri. Bibi alisema visiguswe wala visimwagiliwe mpaka mvua. Lakini mimi kazi yangu ilikuwa kumwagilia, na nilikuwa naona jua linavyopiga pale mlangoni nikavionea huruma. Bibi akilala mchana nilivimwagia maji ya kusuuzia vyombo. Kidogo tu, nilijiambia. Kesho yake tena kidogo. Na kila baada ya siku tatu nne nilifukua kimoja kwa kijiko nione kama kimetoa pua, maana ncha ile ya kwanza Bibi aliiita pua. Hakuna pua. Nikafukia. Nikafukua kingine.

Wakati huohuo niliona kwenye simu tangazo la mtu wa Dar anayeuza vitunguu vya maua ya Ulaya, yale yanayofanana na kikombe, rangi zote. Nikaagiza. Nikasoma kwamba vinataka baridi kwanza, na sisi friji hatuna, nikamwomba mzee jirani anitunzie kwenye friji lake. Siku ya tatu alikuja kwenye uzio ameshika kimoja kilichokatwa nusu.

"Wewe mtoto wa Kizaramo, nimekata kachumbari hapa, najiuliza mbona silii. Nimenusa, hakinuki kitu. Unataka kuniua upate friji?"

Bibi alicheka mpaka akashika nyonga. Akaniomba nimwonyeshe kimoja kati ya vilivyobaki, akakipima mkononi, akakigeuza. "Hiki kina watoto?" akauliza. Hakikuwa nao. "Na kwao kuna baridi?" Nikasema kuna barafu. "Basi mwaka huu kitatoka kwa sababu kimekuja na chakula tumboni. Mwakani hutakiona. Si kibaya. Ni mgeni." Akanirudishia. Nilivipanda hata hivyo, nyuma ya jiko. Vitatu vilitoa majani, kimoja kikatoa ua dogo lililoinama, kisha vyote vikayeyuka kwa joto, na huo ndio ukawa mwisho wa Ulaya kwetu.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi mawingu yalianza kukusanyika upande wa Kisarawe. Bibi alikuwa akikaa barazani akiyatazama. Siku mvua ya kwanza ilipopiga, kubwa, ya dakika ishirini, harufu ya vumbi lililolowa ikajaa nyumba, alisimama mlangoni akaacha imrushie matone usoni. Jioni ile aliniambia nimpigie Mama simu. "Mwambie Jumapili nakwenda."

Ilikuwa Jumanne. Nilimwambia, "Bibi, subiri maua yako yatoke kwanza uyaone."

"Yatatoka yakitoka," akasema, akaingia ndani. Nikasikia zipu.

Nilivifukua vyote. Vitano vilikuwa vimekuwa uji, vinanuka. Saba vilikuwa vizima, vigumu, havina hata dalili ya pua. Nilikaa chini mbele ya mlango nikavikodolea macho. Jumatano hakuna kitu. Alhamisi hakuna. Kazini niliumwagilia mche mmoja mara tatu. Mwenye kitalu akaniuliza kama nimepata mchumba.

Kule kitaluni, nyuma, kwenye kivuli cha wavu, tulikuwa na chungu kimoja chenye ua lilelile jekundu. Mwenye kitalu alilipata kwa mtu, akawa analimwagilia mwaka mzima. Lilikuwa limefunua siku ile, kichwa kimejaa, jekundu, na majani mapana ya kijani yamelizunguka. Nilimwomba anikate kwenye mshahara. Ijumaa alfajiri, Bibi akiwa kwenye sala, nililitoa kwenye chungu nikalipanda mbele ya mlango, nikafagia nyayo zangu, nikaingia kitandani.

Nilisikia mlango. Nikasikia fimbo, tok, tok, ikasimama. Nikashindwa, nikatoka.

Bibi alikuwa ameinama, mikono miwili juu ya fimbo, analitazama.

"Bibi! Limetoka!" nikasema.

"Limetoka," akasema. "Na limekuja limevaa."

"Limevaa nini?"

"Mke mwenzangu, ua langu hutoka uchi. Bua, kichwa, basi. Nguo huvaa baadaye, mvua zikikolea. Hili limetoka na kanzu, koti na kofia." Akagusa udongo kwa ncha ya fimbo. Ulikuwa mweusi, wa samadi, katikati ya uwanja wetu wa mchanga. "Na udongo wake limebeba kutoka kwao."

Nilitaka kucheka ikawa kilio. Nililia kama mtoto, na mzee jirani aliyekuwa anapiga mswaki kwenye uzio akageuka akaingia ndani na povu mdomoni.

Nikamwambia yote. Kwamba hayakuwa ya kuuza. Kwamba nilitaka akae. Kwamba Mama halali akifikiria ataanguka peke yake, na mimi ndiye niliyesema nitaweza.

Bibi alikaa kwenye kigoda. Akanivuta nikae chini karibu na miguu yake.

"Ungeniambia ni ya kunizuia mimi," alisema, "ningekwambia usihangaike. Lile likihamishwa hununa. Mwaka mzima, wakati mwingine miwili, halitoi ua. Wewe uliniambia ni ya kitalu. Nikasema kitaluni hakuna haraka, acha achimbe."

"Ulijua hayatatoka?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Na nilijua unamwagilia. Unafikiri maji ya vyombo hayanuki?"

Alinifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Mimi hapa sijateswa," akasema. "Mama yako ni mtoto mwema. Lakini hapa nikitoka nasalimiwa na mpagazi mmoja tu. Kule mvua ikinyesha nasikia watu wananiita kutoka kila upande, mama fulani umepanda? Mama fulani mbegu unayo? Hapa mvua inanyesha nami nakaa tu namwangalia mtu akipita na mwavuli."

Mama alipata habari jioni ile, maana simu ya Jumanne sikuwa nimeipiga. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kochi na viatu miguuni, akaniambia, "Nilikupa kazi moja." Ilinichoma kuliko kofi. Bibi alikuwa chumbani na alisikia, maana nyumba yetu kila mtu anasikia. Nikasema, bila kuwa nimepanga, kwamba mimi nitakwenda naye. Wiki mbili tu, apande, halafu nitamrudisha. Mama akaanza kuvua viatu. "Wewe hujawahi kukaa mahali wiki mbili," alisema. Lakini Jumapili alitupakia kwenye bajaji mwenyewe.

Tulifika Kibuta mchana. Mvua ilikuwa imeshapita pale siku mbili tatu mbele yetu. Uwanja ambao niliuacha mtupu ulikuwa mwekundu. Sikuweza kuhesabu. Yalikuwa yametoka mpaka kwenye njia ya jikoni, mengine yamepasua ukingo wa baraza, na pale nilipochimba palikuwa na manne yamesimama kana kwamba sikuwahi kufika. Yote yalikuwa uchi, kama alivyosema. Bibi aliteremka, akapita katikati yao akikwepa kwa fimbo, hakuyatazama sana. Alikuwa anatazama shamba. "Wamenipita kulima," alisema, akaharakisha.

Wiki mbili zile sikulala vizuri. Niliamka nikiwaza kitalu, barabara, gari langu lenye ua ubavuni. Mchana nilichimba mashimo, Bibi akiwa kwenye kigoda anadondosha kunde mbili mbili, kisha nasogeza kigoda, kisha tena. Wanawake wa jirani walikuja wakamkuta, wakampigia vigelegele, wakamletea mihogo. Alikuwa anaongea Kizaramo kwa kasi ambayo sijawahi kumsikia nayo Kibaha, sauti imepanda, anakatiza watu. Alichechemea vilevile. Mara moja alijikwaa kwenye jiwe na mimi nikamdaka, jioni nikaokota mawe yote ya njia ile, yeye ameshasahau. Nikajua siwezi kumrudisha, na nikajua siwezi kumwacha, na mambo hayo mawili yalinizunguka kichwani kila nilipoinua jembe.

Siku ya kumi na tano Mama alipiga. Kwa nyuma nilisikia ndoo ikisukumwa sakafuni, na maji.

"Wiki mbili zimekwisha. Mnakuja lini?"

Nilitembea mpaka mwisho wa shamba na simu sikioni, nikarudi, nikatembea tena.

"Umekata?" akauliza.

"Sijakata. Mama, Bibi harudi."

Ndoo ikasimama.

"Amekwambia yeye?"

"Hajaniambia. Mimi ndiye nakwambia. Ukimwona hapa utajua. Halafu na mimi nabaki naye."

"Wewe? Kibuta?"

"Mimi. Sijui mpaka lini. Lakini hataishi peke yake."

Nilisubiri aseme alichosema kwenye kochi. Nikatazama skrini kuona kama muda wa maongezi umekwisha. Kisha akapiga kwikwi moja, akakohoa kuifunika.

"Choo cha hapo," akasema, "anashika nini akiinuka?"

"Anashika ukuta."

"Ukuta wa udongo huo utamwangukia. Jumamosi nakuja na fundi aweke bomba la kushikia. Mpime kutoka sakafuni mpaka mkono wake unapofika akiwa ameinama. Mpime leo, usikisie."

Nikamwahidi. Nilikwenda nikakata kamba ya katani, nikamkuta Bibi barazani anapepeta kunde. Nikamwomba ainame kidogo, nikakanyaga ncha moja ya kamba na kuinyoosha ya pili mpaka kiganjani kwake.

"Wewe," akasema akiwa ameinama vilevile, "unanipimia sanda?"

"Bomba la chooni, Bibi. Mama analeta."

"Mama yako?" Mkono wake ukabaki hewani. Kisha akaukaza. "Haya, pima. Na usinipunguze."